Nailoni ya Banda la Kuku

Kwa Shangazi Jepkemei,

Hili sijamwambia mtu. Ile nailoni ya banda la kuku, uliyoisifu kwenye picha, niliitoa saiti ya ujenzi ya Baba. Ilikuwa kando ya rundo la takataka, na Baba husema, “Cherop, usitupe kitu ambacho bado kina kazi.” Kumbe ilikuwa ya kufunika simiti. Mvua ikanyesha, mifuko kumi ikawa mawe.

Baba alimfokea Okeyo wa stoo. “Boss, ulikuwa umelala? Jumatatu usije.”

“Mzee, niliitafuta kila mahali.”

Nilikuwa hapo na chakula chao. Nikaendelea kupakua.

Kuku wanalala pakavu, Shangazi. Leo ni Jumapili. Nasikia gambuti za Baba zikija mlangoni. Nilikuwa nimeifunika barua kwa daftari. Nimeliondoa ili aione.

Wako,
Cherop