Nimemfumba mkaguzi jicho, sasa naogopa dozi za watoto

Mpendwa mshauri, shikamoo.

Naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana najua safu hii watu huleta mambo ya ndoa na mirathi na langu ni la kompyuta, lakini mwenzio tangu jana kila simu ikiita nadhani ni zahanati imeleta habari mbaya.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nafanya kazi kwenye chumba cha kompyuta cha chuo kimoja, na kwa miaka sita nimekuwa mtunzaji wa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake, yale maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia bure na kuuboresha. Yetu ni ya wauguzi wa zahanati ndogo, unaingiza uzito wa mtoto na jina la dawa, nayo inakuambia apewe mililita ngapi. Aliyeianzisha ni mwalimu wangu wa chuo, sasa amestaafu, hadi leo sote tunamwita Mwalimu, na sisi wengine ni watu tisa wa kujitolea ambao wengi hatujawahi kuonana ana kwa ana.

Mwaka jana nilipendekeza tuweke mkaguzi. Si mtu, ni programu nyingine inayosoma kila badiliko kabla halijaingia, ikikuta jambo la hatari inatoa onyo na kulizuia, na matokeo yanaonekana kwa alama kwenye ukurasa wetu wa mbele, kijani ikiwa mambo safi, nyekundu ikiwa kuna kasoro, kila apitaye anaiona. Wenzangu walikubali, nikahangaika wiki mbili kumweka, nikabonyeza, nikakaa kusubiri kama mtu wa majibu ya mtihani. Yakatoka maonyo elfu mbili, mia moja na arobaini, na elfu moja mia tisa kati ya hayo yalikuwa kwenye folda moja tu, folda ya msingi, aliyoiandika Mwalimu mwenyewe kabla mimi sijakanyaga chuo.

Alinipigia simu siku ileile.

"Binti, huyo mdudu wako ananifundisha mimi kazi?"

"Hapana, Mwalimu, ni mashine tu. Inalalamika hata nafasi kati ya maneno."

"Basi iambie inyamaze. Folda hiyo imepimia watoto dawa miaka kumi na moja. Mashine yako imefanya kazi siku ngapi?"

"Moja."

"Haya."

Mshauri, huyu ndiye aliyenifundisha kuandika mstari wa kwanza wa msimbo, akanikalisha kwenye kompyuta ya ofisini kwake nilipokuwa sina yangu, ningeanzia wapi kubishana naye? Nikafungua faili la maelekezo ya mkaguzi nikaongeza mstari mmoja, kwamba folda ya msingi aipite asiitazame. Yale maonyo mia mbili na arobaini yaliyobaki tukayasafisha kwa mwezi mmoja, alama ikageuka kijani, pongezi zikamiminika, Mwalimu akaandika kwenye kundi letu, "Kazi njema haiogopi mkaguzi," nami nikaweka moyo mwekundu chini ya maneno yake huku nikijua nilichofanya.

Nilidhani nimefunika mambo ya zamani tu. Sasa kuna mwenzetu tunamwita Chapuchapu, fundi hodari ila subira hana, siku moja mkaguzi alimrudishia kazi yake mara nne, mara ya tano akaiweka ndani ya folda ya msingi, ikapita bila swali. Hakufanya kwa ubaya, alitangaza mwenyewe kwenye kundi, "Jamani, mle ndani mkaguzi hana makuu, wekeni huko," watu wakacheka, nami nikacheka, na baada ya miezi mitano karibu kila kitu kipya kilikuwa kimehamia mle, mkaguzi wetu amebaki analinda vyumba vitupu.

Jana mchana wifi yangu, mke wa kaka, alikuja kunisalimu. Yeye ni muuguzi, na programu hii mimi ndiye niliyempelekea kazini kwake. Tulikuwa tunakunja nguo zilizotoka kwenye kamba, akasema, "Wifi, toleo hili jipya mmelitengeneza. Zamani nikisahau kujaza uzito lilikuwa linanigomea, na mama wamejaa mlangoni. Siku hizi linanipa jibu hivyohivyo."

"Linakupa jibu gani?"

"Si mililita, wifi! Ulitaka linipe salamu? Hilo shuka mbona unalikunja mara ya sita?"

Nikasingizia kuna kazi ya haraka, nikaingia chumbani nikafungua msimbo, na pale ndani ya folda ya msingi nikaukuta mstari wa Chapuchapu, kwamba uzito ukiachwa wazi programu inashika uzito wa mtoto aliyetangulia, kwa hiyo akitoka wa kilo kumi na nane akaingia wa kilo sita, na muuguzi kwa haraka zake akasahau kujaza, yule wa kilo sita anapimiwa dozi ya mkubwa. Nikamfungulia mkaguzi folda ile kwa siri, kwenye kompyuta yangu tu, nione kama angeugundua mstari ule. Lilikuwa onyo la tatu kutoka juu. Na toleo hilo limeshatoka siku ishirini na mbili.

Nilirudi nikamwambia wifi, "Uzito usiwe unasahau kujaza," akanijibu, "Haya, mganga mkuu," akaendelea na soksi. Zaidi yake sijamwambia mtu. Marekebisho nimeshayaandika, ni mistari mitatu, na Ijumaa tuna toleo dogo, nikitaka naweza kuyaingiza kimya na kuandika "maboresho madogo" na hakuna atakayejua, Mwalimu atabaki na heshima yake nami na jina langu. Au niseme mbele ya watu wote kwamba ile alama ya kijani ilikuwa ya uongo, na Mwalimu ana miaka sabini na moja na presha, aaibike kwa ajili yangu? Na kama kuna mtoto ameshadhurika je? Nifanye nini, mshauri? Naona nakaribia kuchanganyikiwa.

Mwenye Alama ya Kijani

*

Mwenye Alama ya Kijani, marahaba.

Barua yako ilinifikia Jumatatu saa nne asubuhi na gazeti hili hutoka Alhamisi. Nimejibu barua za watu miaka kumi na miwili na sijawahi kumpigia msomaji simu kabla jibu halijachapwa. Wewe nilikupigia kwa namba uliyoiandika, kabla chai haijapoa. Nilikuuliza jambo moja, "Zahanati zimeambiwa?" Ukasema, "Bado, nasubiri ushauri wako." Nilichokujibu hapo hakichapiki gazetini, na radhi siombi. Mtoto wa kilo sita hasubiri safu yangu.

Ulisikia, nakushukuru. Saa saba ulinirudia: toleo lile limeondolewa, la zamani limerudishwa, tangazo liko ukurasa wa mbele, na zahanati thelathini na moja mnazozijua zimepigiwa. Hayo ya Jumatatu yamekwisha. Sasa kaa nikueleze mengine, na wenzako wenye kazi kama hii wasikie.

Uliniuliza kama unaweza kurekebisha kimya. Ungekuwa na duka la viatu, labda ungewaita wateja wako mmoja mmoja ukawanong'oneza. Lakini umesema mwenyewe, programu yenu ni huria. Yeyote anaichukua bila kuaga. Hizo thelathini na moja ni zile zilizowahi kuwaandikia. Waliochukua wakanyamaza hujui ni wangapi wala wako wapi, na huwezi kuwafikia kwa mnong'ono. Njia ni moja tu, kusema kwa sauti palepale walipoichukulia. Na ukiandika "maboresho madogo," muuguzi mwenye foleni mlangoni ataona hakuna haraka ya kubadilisha, atabaki na toleo baya hadi mwakani. Kimya chako kingemfunika Mwalimu na kumwacha wazi mtoto.

Sasa kuhusu mkaguzi. Zamani nilikuwa msahihishaji katika chumba cha habari, kazi yangu kusoma kila makala kabla ya kwenda mtamboni. Mhariri mkuu alikuwa mtu mzima anayejiheshimu, akaagiza kwamba makala zilizo kwenye trei yake zisipite mezani kwangu. Tukakubali, nani angembishia? Haukupita mwaka, nusu ya waandishi walikuwa wanatupia makala zao kwenye trei ile, kwa sababu zilifika mtamboni mapema. Siku tulipochapa tangazo la msiba na jina la mtu aliye hai, haikuwa kazi ya mhariri mkuu. Ilitoka kwenye trei yake tu. Alikuja mezani kwangu na gazeti mkononi akaniuliza kwa nini sikumbishia. Ndiyo maana nakusema wewe kwa ukali.

Kwa hiyo usimnyoshee Chapuchapu kidole. Yeye aliona tundu akalitangaza hadharani, ijapokuwa kwa mzaha. Katika watu wote waliocheka siku ile, ni wewe peke yako uliyejua tundu limetobolewa na nani. Mpe yeye kazi ya kuandika jaribio litakalohakikisha kwamba uzito ukiachwa wazi programu inagoma, na jaribio hilo liendeshwe kila siku. Ataliandika vizuri kuliko wewe, maana kosa lile litakuwa limemuuma.

Nimemuuliza mpwa wangu, ambaye riziki yake ni kutengeneza programu, huwa wanafanyaje mkaguzi anapoingia kwenye nyumba ya zamani na kukuta maonyo elfu mbili. Alicheka, akasema kila mtu hukutana na mlima huo na kila mtu hutamani kuufunika shuka. Anachoshauri ni hiki. Folda ifunguliwe yote, leo. Maonyo ya zamani yaandikwe kwenye orodha kama yalivyo, yajulikane idadi yake, na mkaguzi aagizwe kuzuia jipya lolote linaloongezeka juu ya hapo, popote litakapowekwa. Halafu yale ya zamani myapange: ya nafasi kati ya maneno yasubiri, yanayogusa uzito, dozi na umri yashughulikiwe kwanza, hata kama ni kumi kwa wiki. Na mtu akitaka mkaguzi anyamazishwe mahali, aandike sababu na jina lake hapohapo, na mwenzake wa pili akubali ndipo iingie. Mstari wako ule haukuwa na jina wala sababu. Ungelazimika kuandika "kwa sababu naona haya," nadhani usingeuandika.

Alama itakuwa nyekundu kwa miezi mingi. Iacheni, na pembeni yake muandike idadi iliyobaki. Nyumba njema si mlango, na anayeitegemea programu yenu kupima dawa ana haki ya kujua ndani kukoje.

Tumebaki na Mwalimu. Hapa ndipo ulipojidanganya zaidi, binti yangu, na nasema kwa upole. Uliogopa kumwaibisha, lakini soma tena barua yako: mstari uliokosea si wake. Katika miaka yake kumi na moja uzito ukiachwa wazi programu iligoma, wifi yako ndiye shahidi. Wewe ulimwondoa mlinzi mlangoni kwa Mwalimu, ukaita heshima, wageni wakaingia na viatu vyao, na sasa uchafu unasomeka kwa jina lake. Heshima gani hiyo? Unasema ana presha. Presha humpanda mtu zaidi anaposikia habari zake kwa watu wengine, na tangazo limeshatoka tangu Jumatatu. Kama hujamwendea, funga gazeti uende.

Usimpigie. Nenda nyumbani kwake, salimia, kaa chini. Chukua karatasi, uwe umechapa maonyo ishirini yale mazito tu. Usiseme "mashine inasema," maana utaanzisha vita kati yake na mashine. Weka mbele yake ule mstari wa Chapuchapu na useme, "Mwalimu, ingekuwa kazi ya mwanafunzi wako, ungeipitisha?" Simjui mzee huyo, lakini nawajua walimu. Ataitisha kalamu. Akishaukata, ndipo umwambie ulikuwa folda gani na nani aliyemzuia mkaguzi asiitazame. Atakasirika. Mwache akasirike mpaka amalize, usijitetee. Halafu muombe akae na orodha ile ya maonyo, awaambie lipi la hatari na lipi ni kelele, kwa sababu hakuna anayeijua folda ile kama yeye. Mkaguzi anajua kanuni. Kwa nini mstari fulani uliandikwa vile mwaka ule, hajui.

Jambo la mwisho halihusu kompyuta. Jana ulinipigia tena, kwamba wifi yako amepitia daftari la zahanati yao la siku hizo ishirini na mbili akatafuta mahali ambapo uzito haukuandikwa. Amekuta watoto wawili. Wa kwanza alipewa pungufu, amepatikana, ni mzima, anamsumbua mama yake. Wa pili, wa miezi saba, alifuata nyuma ya mtoto mkubwa. Namba ya simu iliyoandikwa haipatikani na jirani anasema mama amehama. Wifi yako amesema leo baada ya zamu ataenda kuuliza mtaa wa pili. Nenda naye. Usimwache abishe hodi peke yake kwa kosa lililopita mkononi mwako.

Namba yangu unayo. Mkimwona mtoto huyo, nipigie hapohapo.