Kujifunza Baiskeli Ukubwani

Jumanne

Tangu basi la wafanyakazi liuzwe, leo nimechelewa ofisini mara ya tatu. Mkuu wa idara amenikemea mbele ya wenzangu: "Mama Asha, majina ya watakaopunguzwa kazi yanaandikwa wiki hii."

Jioni nikamwomba mume wangu anifundishe baiskeli. Mama mkwe akang'aka, "Mwanamke mzima! Mimi nilikuwa nashuka mlimani kwa miguu, ndizi kichwani."

"Lakini hukuwa na bosi, Mama," nikamjibu, nikajuta papo hapo.

Nimeanguka mara mbili, goti limechubuka. Kutoka hapa Mafiga hadi ofisini Kilakala ni mbali, na naogopa. Hatimaye nikaenda peke yangu mpaka msikitini. Kurudi, nikamkuta mama mkwe barabarani, anafukuza mbuzi wasikatize mbele yangu.

"Usiniangalie mimi!" akafoka. "Tazama mbele!"