Koti la Mama Lililonadiwa Kanisani

Bi Swabaha, shikamoo. Tangu Jumapili ya mavuno kuna mlio mmoja hauniachi: kiganja cha mzee wa kanisa kikipiga meza mara ya tatu, pa!, na koti la mama yangu likawa la mtu mwingine.

Nimekwama, ndiyo maana nakuandikia. Kaka yangu Fanuel yuko Kanada, anafanya kazi kwenye ghala la samaki waliogandishwa, na kwa mshahara wake wa kwanza alimnunulia mama koti zito, kwa sababu mama anasumbuliwa na kifua na kwetu, juu ya Kikatiti, baridi ya Julai haina mchezo, akalituma kwa mtu aliyekuwa anarudi, nikalipokea Arusha mjini nikalifikisha nyumbani, mama akalinusa, akalikunja, na Jumapili akalipeleka madhabahuni pamoja na ndizi na mayai. Nilipomuuliza alisema, "Mshahara wa kwanza wa mwanangu ni malimbuko. Malimbuko hayavaliwi, mama." Baada ya ibada likanadiwa, akalinunua Loserian, mlinzi wa sekondari, na sasa kila Jumapili anakaa mbele yetu akiwa amelivaa, mama ananinong'oneza, "Ona lilivyompendeza." Nimesoma hadi chuo kikuu, lakini sijawahi kutoa kitu namna hiyo, na nikimtazama mama najiona mdogo.

Shida ni simu ya video. Fanuel anasema, "Mama, vaa basi koti nikuone," na mama, aliyejifunika vitenge viwili, anajibu, "Leo kuna joto, mwanangu." Mimi ndiye ninayeshika simu. Wiki iliyopita kaka aliniambia pembeni kwamba anahisi koti halikumtosha mama, hivyo ameanza kuingia zamu za ziada ili anunue jingine, na huku anaongea anakohoa. Mama amenikataza kusema, eti sadaka haitangazwi. Nikisema namwasi mama, nikinyamaza namuumiza kaka. Nifanyeje?

Aikande, Kikatiti

Aikande, marahaba. Mama yako nampa heshima zote. Mimi si wa kanisa lenu, lakini mtu anayetoa kile anachokihitaji namjua nikimwona. Ila "leo kuna joto", Julai, mlimani? Hapo mama kateleza, na wewe na digrii yako umemshikia simu!

Sadaka haitangazwi, sawa. Lakini Fanuel si jirani wa kutangaziwa, ndiye mwenye jasho. Malimbuko hayo yalitoka mikononi mwake, na hajui yamefika wapi. Mnamnyima furaha yake, halafu mnamwacha akohoe kwenye barafu. Acha kujipima udogo, binti, hilo halimpunguzii mtu zamu. Usimzunguke mama. Kaa naye, mwambie simu inapigwa leo: aseme yeye, au useme wewe akiwa hapo hapo. Na ukipata chochote mnunulie sweta, tena ya mtumba, asije akaipeleka nayo madhabahuni.

Bi Swabaha, nimeshafanya. Nilikaa na mama nikapiga simu, nikasema yote mimi, maana yeye alinishika mkono tu, macho chini. Fanuel akauliza, "Loserian linamtosha mabegani?" Mama akainua uso: "Utadhani alipimwa!" Wakacheka mpaka wote wawili wakakohoa. Zamu za ziada ameacha.

Sweta nimenunua Tengeru. Kabla ya kumpa mama nilikata kifungo kimoja, ili isifae kwa sadaka. Anayo mwilini.