Nimeifua khanga yako

Dada Mwanaidi,

Shikamoo huko uliko. Ni mimi mke mwenzako, yule uliyeniita mdogo wangu hata tulipokuwa hatusemezani. Anayeandika ni Veronika wa jirani, anasoma kwa masista pale Kifungilo, na hapa ameshaniambia nisiende mbio, mkono unamuuma. Haya, nitakwenda polepole.

Mgosi wetu, huyu mume wetu, yupo. Magoti yanamsumbua, ugali wa bada anakula kidogo. Yule ng'ombe mwekundu tumemuuza. Duka la kijiji lina chumvi na viberiti basi, nguo hakuna, ukiuliza unaambiwa subiri. Nimeanza na ng'ombe kwa sababu hili nililokujia ni zito, Dada, sijui pa kulishika.

Mwanao Zaina amejifungua. Mtoto wa kike, wamempa jina lako.

Sasa unaikumbuka ile doti, ile nyekundu yenye korosho nyeusi? Siku ile mwenyekiti alisema doti moja kila kaya, na kaya yetu ina wake wawili! Tukagombana mpaka mgosi akachukua jembe akakimbilia shamba, na wala haikuwa siku ya kulima. Mwisho ukasema, lete wembe. Ukaikata katikati, wewe moja, mimi moja. Na khanga moja mtu utaendaje nayo msibani? Ikawa anayetoka anavaa zote mbili, anayebaki anakaa ndani na kaniki lake. Nikikuona unarudi njiani na khanga yangu kichwani nakasirika, halafu naona inakupendeza. Sikukuambia.

Na wewe kwa nguo ulikuwa msumbufu jamani. Ukifika dukani unakikunja kitambaa ndani ya ngumi, unakivuta, unakilowesha mate pembeni. Yule muuzaji akakuuliza, "Mama, unanunua kitambaa au unakaba kuku?" Ukamjibu, "Nikikivaa mimi utakuja kunifulia wewe?" Watu wakacheka mpaka nje. Lakini hukurudi nyumbani na nguo ya kujuta, hata siku moja. Na khanga ikichanika unachomoa uzi pindoni mwa khanga ileile, unashonea hapo, kiraka hakionekani. Mimi ulinifundisha hivyo, mkono wangu mzito, ukawa unanipiga vidole.

Siku ya kumaliza matanga ndugu zako walikuja kutoka Magoma kugawa nguo zako. Niliomba hiyo khanga tu. Wakanipa. Sikuifua, Dada. Niliiweka chini ya mto vilevile, na moshi wa jikoni kwako na mafuta yako ya nazi. Usiku najifunika usoni. Veronika ananiangalia. Andika tu mwanangu.

Zaina alipojifungua niliitoa. Nikamwambia, hii ndiyo mbeleko ya mtoto, khanga ya bibi yake, imeshalainika, inashika mgongo. Akaniambia, "Mama mdogo, mimi nibebe mtoto kwa tambara la marehemu? Wenzangu wataniona vipi?" Mume wake alikuwa amemletea nailoni, ya kijani, imepita njia za panya huko mpakani. Kule bombani wanawake wakampigia vigelegele, "Zaina, unang'aa kama samaki!" Naye akazunguka wamwone vizuri. Nikamwambia, mwanangu, hiyo inateleza, ikunje kwenye ngumi uone. Akasema, "Mama mdogo na ngumi zenu! Hizo ni za zamani."

Nikairudisha khanga chini ya mto. Na moyo wangu ulifurahi, nisikufiche. Nilifurahi kubaki nayo.

Basi mvua ikanyesha, kile kinjia cha kushukia shamba la maharage unakijua kilivyosimama. Zaina akainama kushika jani asianguke, fundo likaachia. Mtoto akapita juu ya bega lake. Mimi nilikuwa nyuma yao, Dada, nilimwona akienda. Akaangukia kwenye tuta, akalia, akanyamaza. Akanyamaza... Halafu akalia tena. Mimi nikakaa palepale kwenye matope.

Pale zahanati wamesema mfupa haujavunjika, tumwangalie. Tunamwangalia. Mkono wa kushoto haunyanyui kama wa kulia. Anayelala nyumba hii ni mgosi peke yake, na yeye ni kwa sababu hasikii. Zaina ile nailoni ameitupa juu ya dari, mume wake akiiulizia anatoka nje.

Juzi akaja mlangoni kwangu, hakuingia. Akasema, "Mama mdogo, ile ya mama bado ipo?"

Mtoto yule ana jina lako na mkono mbovu, nami nilisimama naionea choyo harufu yako! Maana nilijua ikimfunga mtoto itakojolewa, itatapikiwa maziwa, itafuliwa kila siku. Wewe utaisha humo. Watu wanasema nimezaa sijakosa, nina wajukuu, nalilia nini mke mwenza. Wao hawakugawana doti.

Nikamwambia, kesho.

Asubuhi nikaenda nayo mtoni mwenyewe, sikumpa mtu. Niliikunja kwenye ngumi kama wewe. Nikainusa. Nikaitia majini, maji yakatoka na weusi wa moshi wako, yakaenda chini kule. Nikasema, haya Dada, nenda.

Imekauka jua la jana. Nimemfungia Zaina mtoto mgongoni kwa mkono wangu, nikavuta, haikuteleza hata kidogo. Mtoto akalala. Kabla hajalala alikamata pindo, pale pale ulipotia uzi, akalitia mdomoni. Kwa mkono wa kulia, lakini. Wa kushoto bado.

Sasa nakuaga, Veronika amechoka na mimi nimechoka. Lala mke mwenzangu. Chini ya mto nimeweka khanga yangu, inanuka mimi tu. Hiyo yako itachanika, mtoto atakuwa na meno. Ikichanika, uzi nitauchomoa kwenye ya kwangu, siyo kwenye yako, nishonee taratibu kama ulivyonipiga vidole. Rangi ni ileile. Nitaichomoa mpaka iishe.

Mdogo wako.