Muhuri Wangu kwenye Ploti Zisizo na Hati

Jumatatu, 3 Machi

Hili sijamwambia mtu. Makala za uwekezaji kwenye chaneli ya Anko Muchiri, mdogo wake Mama, mimi ndiye ninayeziandika. Niko kidato cha tatu. Wanaolipia kuzisoma, watu wazima wenye hisa na hati fungani, hudhani ni yeye. Sawa tu. Kusimama mbele ya watu siwezi.

Masharti pia niliyaweka mimi. Hati yenyewe iwe tumeiona kwa macho. Hasara inatajwa kabla ya faida. Anayetulipa anatajwa. Bila hayo, hakuna muhuri wa "Imehakikiwa".

Leo nimeinyima muhuri makala ya ploti za barabara ya Kangundo. Muuzaji hakutuonyesha hatimiliki.

Jumatano, 5 Machi

Makala ya ploti imetoka. Na muhuri! Aya yangu ya hasara imekatwa yote.

Nilimpigia Anko.

"Profesa, wacha ushule, hii ni biashara," akacheka. "Huyo msee anayeuza ploti ashalipa. Na nani husoma mambo ya hasara?"

Wasomaji wetu husoma! Ndiyo maana wanalipa. Mwongo. Muhuri unaaminika kwa sababu sikuugawa ovyo, naye ameutumia kama chambo. Nimeshindwa kula kwa hasira.

Ijumaa, 7 Machi

Mama ameisoma makala kwa sauti huku akisonga ugali. Chama chao cha akiba kinakutana hapa kwetu, mtaani Umoja, Jumapili. Wanataka kununua ploti hizo. Akiba yao yote, jasho la kuuza mitumba mtaani Mbotela.

"Imehakikiwa," akasema. "Mdogo wangu si mtu wa mchezo."

Nikaosha vyombo badala ya kumwambia ukweli. Leo najichukia kuliko ninavyomchukia Anko.

Jumapili, 9 Machi

Kwenye chama, binti wa nyumba humimina chai na kunyamaza. Walisali. Makala ikasomwa. Mama Wambui, mweka hazina, akauliza kama kuna anayepinga.

Niliweka birika chini. Nikasema makala huziandika mimi, muhuri ni wangu, na ploti hizo sikuzipa.

"Ongea, mami, hatusikii," Mama Wambui akasema.

Nikarudia. Kisha nikawasomea aya iliyokatwa, kutoka kwenye simu yangu, mpaka mwisho.

"Hatimiliki mliiona?" akauliza.

"Hapana."

Akaufunga mkoba wa pesa za chama. Mama alikuwa anatazama sakafu.

Nikachukua birika. Nikaendelea kumimina kuanzia kikombe nilichokuwa nimekiacha nusu.