Gome la Upande wa Mawio

3 Machi

Dada mpendwa,

Hujambo na hali yako? Sisi wazima, ila vumbi la chaki linanimaliza. Mkuu wa shule ametaka tufundishe mazingira kwa mila zetu, si kwa vitabu tu. Nikamkumbuka bibi. Uani tuna mkwaju mmoja, ndio kivuli chetu chote. Niandikie: alichukuaje gome la dawa bila kuua mti?

Mdogo wako

11 Machi

Mwalimu,

Salamu zimefika, nami sijambo. Kumbe leo bibi ana maana! Nilimbebea kikapu miaka tisa, visigino vikapasuka, wewe uko bweni na soksi nyeupe. Haya, andika ubaoni: alichukua upande wa mawio tu, kipande cha ukubwa wa kiganja, akaushukuru mti.

Mbeba kikapu

2 Aprili

Dada mpendwa,

U hali gani? Somo limefana! Wanafunzi arobaini, kila mmoja alishukuru, akakata gome la ukubwa wa kiganja chake upande wa mawio. Mkaguzi alinipigia makofi. Picha yangu imebandikwa ofisini: "Mwalimu wa Hekima za Jadi." Ningekuwa na mabawa ningeruka.

Mdogo wako

29 Mei

Dada,

Natumai u mzima, maana hujibu. Mkwaju unapukutisha majani, upande mmoja umebaki mfupa. Mkuu anataka ukatwe. Watoto wananiuliza kama hatukushukuru vya kutosha. Bibi hakusema lingine?

Mdogo wako

3 Juni

Mdogo wangu,

Mimi mzima wa mwili tu. Alisema. Mtu mmoja, mti mmoja. Kidonda hupakwa udongo wa mfinyanzi, wala hakiguswi mpaka kifunge. Nililijua siku ile naandika, nikafika hapo nikafunga kalamu. Nilikuonea wivu, mwanamke mzima mimi. Na picha ile ilinichoma zaidi: bibi umemchukua, mimi sikutajwa hata kwa bahati mbaya. Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu. Nilitaka uaibike kidogo. Mti sikuufikiria kabisa, na bibi angenichapa kwa hilo kwanza.

Usiukate. Jumamosi nakuja na ndoo mbili za udongo. Niitie wale watoto arobaini, wapake wenyewe. Wakikuuliza mimi ni nani, waambie ni mtu aliyejua akanyamaza. Hilo nitawafundisha mwenyewe.

Dada yako