Rili Isiyo na Mhuri

Jumatano, 4 Juni

Cherehani tatu tangu asubuhi. Moja imekatika mkanda, mbili uchafu tu. Watu wa Ikwiriri wanakumbuka kushona Idi ikiwa mlangoni, halafu lawama kwa fundi.

Mchana mwanangu Tausi kaniletea simu nione picha. Kuna mzee wa Dar, Bwana Hafidhi, mstaafu, anakusanya rili za zamani, vile vigurudumu vya kukunjia mshipi wa kuvulia. Anazo za mbao, za shaba, za bati jepesi, na historia ya kila kiwanda mpaka kilipokufa, plastiki ilipoingia. Anaandika kitabu. Picha ya mwisho rili ya shaba, chini yake maneno: "Kazi ya Ulaya. Mhuri umefutika."

Loh! Ulaya ya wapi? Ile kazi ya baba yangu. Kazitengeneza kibandani humu humu, kwa masinia mabovu. Wavuvi wa Kiongoroni walizitaka, na wageni waliokuja kuvua mtoni. Mhuri haukufutika. Haukuwahi kuwepo.

Nimempigia. Kasikiliza, kacheka kidogo kwa adabu. Kataka picha ya nyingine. Ninayo moja, kabatini. Nataka jina la baba liingie kitabuni. Basi.

Alhamisi, 5 Juni

Nimejipalia makaa. Rili ilikuwa nyeusi, kingoni kijani. Nikaisugua kwa majivu na ndimu pamoja na masinia ya Idi, kama anavyofanya kila mtu mwenye akili. Ikang'aa. Nikatuma picha, nafurahi peke yangu.

Kapiga mwenyewe, sauti ya mtu aliyefiwa. Kumbe weusi ule ndio umri wake. Sasa inaonekana ya juzi. Na kwa kuwa mimi fundi, kasema, mtu anaweza kudhani nimeiunda mwenyewe wiki hii.

Yaani mimi mwongo. Nimelia jikoni, kisha nimekasirika. Afadhali hasira.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Pilau imeungua chini. Akili haikuwa kwenye sufuria.

Jumapili, 8 Juni

Nimeifungua rili yetu, ya mwisho aliyotengeneza baba. Ekseli yake ni kipande cha fimbo ya mwavuli. Imeunganishwa kwa misumari ya viatu. Na ule ulimi unaolia krrr samaki anapovuta ni springi ya cherehani, imekunjwa kulia. Kiwanda gani cha Ulaya kinavunja mwavuli?

Springi zile mwanzoni nilizikunja mimi. Nina miaka kumi, natumia mkono wa kushoto, basi zikakunjika kushoto. Baba alizitazama, akasema, "Umepindisha," akazitia kwenye kopo la vyuma vibovu. Hakuwa mtu wa kusifu. Nikajua za kutupwa zile. Sikukunja tena, akawa anakunja mwenyewe. Mpaka leo nikishika springi neno lile linaniuma.

Jumatatu, 9 Juni

Nimemtaka Bwana Hafidhi afungue yake. Ng'o. Haijaguswa na bisibisi, eti ikifunguliwa thamani inashuka.

Nikamwambia aje nayo. Nitaandika kwenye karatasi vilivyomo ndani, aitie mfukoni mwake, ndipo ifunguliwe. Nikikosea hata kimoja, aandike Ulaya, na mimi sitampigia tena maisha. Kasema atafikiri.

Jumatano, 11 Juni

Hajajibu. Nimepiga mara nne. Tausi anasema namsumbua mzee wa watu. Ndiyo, namsumbua! Baba yangu afutwe hivi hivi, na mimi mwanawe nipo hai, nina simu na vocha? Asiyekujua hakuthamini. Nitamjulisha.

Mara ya tano kapokea. Anakuja Jumamosi.

Jumamosi, 14 Juni

Kaja na basi la asubuhi. Mfupi, kanzu imenyooka, rili kaitia ndani ya soksi. Kaipakata kama kitoto.

Nikaandika vitu vitatu. Fimbo ya mwavuli. Misumari ya viatu. Springi ya cherehani, imekunjwa kulia. Katia karatasi mfukoni. Kaniambia nifungue mimi.

Fimbo ya mwavuli, ipo. Misumari, ipo. Nikaanza kutabasamu. Kisha Bwana Hafidhi kaitoa springi kwa koleo, katoa karatasi mfukoni, kaisoma, katazama tena.

"Bi Zuhura, hii imekunjwa kushoto. Umekosea kimoja."

Nilikaa chini. Hapohapo, kwenye vumbi la kibanda. Tausi akadhani presha imepanda, akakimbilia maji. Springi ile ilikuwa yangu. Mkono wangu, wa miaka kumi.

Nikamweleza. Kaniomba nikunje nyingine mbele yake. Nikachukua kipande kipya, nikakunja bila kufikiri. Kushoto. Kaziweka mbili kiganjani, kazitazama muda mrefu. Kisha kaichukua ile karatasi, kaichana.

Jumapili, 15 Juni

Mvua ndogo. Hakuna mteja.

Jana kabla hajapanda basi kaandika mbele yangu: "Salumu Mkumba, fundi cherehani, Ikwiriri." Kauliza kwenye springi aandike nani. Nikasema andika binti yake. Kakataa, kataka jina. Nikalitaja. Sauti ilinitoka kama ya mtoto anayeitwa darasani.

Leo nimepanda kigoda, nimelishusha lile kopo la vyuma vibovu. Nilikuwa nalikwepa miaka yote. Nimelimwaga mkekani, nimechambua kimoja kimoja. Sindano zilizovunjika, bobini, skrubu zilizokula kutu.

Springi ya kushoto hamna hata moja. Alizitumia zote.